Deni Hutangulia Doha

Ndugu zangu wa nyumbani,

Kijana akitaka kuja kufanya kazi ya mjengo huku Qatar, maswali yenu huwa mawili: joto likoje, na mshahara ni kiasi gani. Ni maswali ya haki. Ila ninavyoona mimi, kinachomuumiza mtu wetu zaidi ya jua la Doha ni deni analokuja nalo. Deni hilo huzaliwa nyumbani, kwenye kikao cha familia, siku inapoamuliwa shamba liwekwe rehani ili ajenti alipwe.

Nianze na sheria, maana zimebadilika kuliko wengi wanavyodhani. Qatar ilikabidhiwa uenyeji wa Kombe la Dunia Desemba 2010, na tangu hapo lawama kuhusu kafala, mfumo unaomfunga mfanyakazi mgeni kwa mwajiri wake, hazikupoa. Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilifungua ofisi hapa mwaka 2018. Mwaka 2020 likaondolewa sharti la kumwomba mwajiri ruhusa ya kuhamia kazi nyingine. Sasa hutakiwa notisi tu, ya mwezi mmoja kwa ambaye hajapita miaka miwili kazini, na miezi miwili kwa aliyepita. Tangu Machi 2021 kima cha chini cha mshahara ni riyali 1,000 kwa mwezi, na mwajiri asiyetoa malazi na chakula huongeza 500 na 300. Kuanzia 1 Juni hadi 15 Septemba ni marufuku kufanya kazi za nje kati ya saa nne asubuhi na saa tisa na nusu alasiri. Nje ya saa hizo pia, kipimo kinachojumlisha joto, unyevunyevu, jua na upepo kikizidi nyuzi 32.1, kazi husimama. Tena mfanyakazi mwenyewe ana haki ya kuacha kazi akiona joto linatishia afya yake.

Sasa niambieni, ni nani atakayeitumia haki hiyo? Tuseme kijana amekopa shilingi 140,000 za Kenya. Riyali 1,000 ni kama shilingi 35,000, kwa hiyo mkopo huo ni mshahara mzima wa miezi minne, bila riba na bila yeye kununua hata sabuni. Akituma nusu ya mshahara, itamchukua miezi minane kurudi sifuri. Katika miezi hiyo minane hawezi kuhama, kwa kuwa kuhama kunaweza kumaanisha wiki kadhaa bila kipato. Hawezi kulalamika mshahara ukichelewa, akihofia kuripotiwa kuwa ametoroka. Msimamizi akimwambia apande jukwaa bila mkanda wa usalama, atapanda. ILO ilihesabu vifo 50 vilivyotokana na kazi nchini Qatar mwaka 2020, na majeruhi 506 walioumia vibaya. Kuanguka kutoka juu na ajali za barabarani ndizo zilizoongoza. Sidai kwamba waliokufa walikuwa na madeni. Nasema tu kwamba kukataa kupanda ni anasa ya mtu asiyedaiwa.

Wapo watakaosema ninawalaumu maskini na kuwaachia matajiri wa mafuta na gesi. Sivyo. Mwajiri anayezuia mshahara au kushika pasipoti anavunja sheria ya hapa, na ukaguzi ungali dhaifu, hasa kwa wakandarasi wadogo walio mwisho wa mnyororo, ambao hulipa vibarua pale tu wanapolipwa na wa juu yao. Wageni hawaruhusiwi kuunda chama cha wafanyakazi, na hiyo ni dhuluma iliyo wazi. Lakini sheria ya kazi ya Qatar ya mwaka 2004 inakataza mfanyakazi kutozwa ada ya kuajiriwa. Pesa hizo huchukuliwa Nairobi, Mombasa na Kampala, mara nyingi kwa simu, ambako mkaguzi wa Doha hafiki.

Pingamizi zito zaidi ni hili: bila kukopa, mtoto wa maskini hataondoka kamwe. Nalikubali kwa sehemu. Pasipoti na vipimo vya afya vina gharama, na mkopo mdogo wa chama au SACCO unalipika. Ajenti anayedai mamia ya dola kwa ajili ya "viza ya kazi" ni jambo jingine kabisa. Huyo anauza kitu ambacho mwajiri ndiye anayepaswa kukigharimia. Na ikiwa lazima pesa itumike, afadhali itumike kwenye ufundi. Msaidizi asiye na ujuzi hupokea kima cha chini na hana cha kujadili. Mchomeleaji, fundi umeme au fundi wa nondo mwenye cheti cha ufundi cha NITA ya Kenya au VETA ya Tanzania ana neno la kusema kabla ya kutia sahihi, hasa sasa ambapo ujenzi wa viwanja vya Kombe la Dunia umekwisha na vibarua wanagombania nafasi chache.

Serikali zetu nazo hupenda kutaja fedha tunazotuma. Zitaje pia ni kiasi gani kilitoka kwanza kwenda kwa mawakala, na ni leseni ngapi zimefutwa kwa sababu hiyo. Tukisubiri hayo, atakayeitisha kikao cha kuuza ng'ombe adai mambo mawili mezani: mkataba wenye mshahara ulioandikwa kwa riyali, na risiti yenye jina la wakala aliyesajiliwa. Ajenti akikataa kutoa risiti, ng'ombe abaki zizini.