Bei ya Kikombe

Kila mwaka yafikapo mashindano ya shule, twasikia vigelegele. Watoto wa shule za msingi hushindana katika UMITASHUMTA, na wale wa sekondari katika UMISSETA, tangu kata, hata wilaya, hata mkoa, hata taifa. Mwaka 2022 walikutanika Tabora. Sisi hatuuchukii mchezo, maana mtoto asiyecheza huenda ni mgonjwa. Lakini twataka kuuliza neno ambalo wengi waona haya kuliuliza: ni nani alipaye?

Watu hujibu upesi, "Serikali." Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 shule za Serikali zafundisha bila ada mpaka kidato cha nne, na tangu 2022 mpaka kidato cha sita, nasi twashukuru. Lakini waraka wa mwaka ule wa 2016 uliziacha sare za shule na za michezo mikononi mwa mzazi. Basi mtoto akichaguliwa, barua yaja nyumbani: njumu, soksi, bukta, blanketi, nauli. Juu yake imeandikwa "mchango wa hiari". Hiari gani hiyo? Mzazi asiyetoa husemwa kisimani, na mwanawe huachwa, akatiwa mwingine mwenye viatu.

Twamjua baba mmoja kijijini petu aliyeuza mbuzi majike wawili ili mwanawe aende mashindanoni. Kijana alikaa benchi siku zote, akarudi na fulana. Wale mbuzi walikuwa wamewekwa kwa ajili ya dada yake, aliyekuwa anangoja kuingia kidato cha kwanza. Januari ilipofika hapakuwa na sare, wala godoro, wala madaftari. Akaanza masomo wiki tano nyuma ya wenzake. Aliyelipa hakuwa baba. Alikuwa yule binti, wala hakuna aliyemwuliza, na siku ya kuwapongeza wachezaji jina lake halikutajwa.

Yako mabaya kuliko hayo. Huja watu viwanjani wakijiita mawakala, wakimwona kijana hodari humwendea baba yake na kuomba fedha ya "majaribio" ya Ulaya. Twasema wazi: sheria ya FIFA, kifungu cha 19, yakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishiwa klabu ya nchi nyingine, ila kwa sababu chache, kama vile wazazi kuhamia huko kwa shughuli zisizo za mpira. Basi anayepokea fedha ili ampeleke mtoto wa miaka 14 auza asichokuwa nacho. Wengine watatutajia Mbwana Samatta. Vema, na watutajie mambo yake yote: alikwenda Genk ya Ubelgiji mwaka 2016 akiwa mtu mzima wa miaka 23, baada ya kuchezea Simba na TP Mazembe ya Lubumbashi. Hakutolewa uwanja wa shule akatiwa katika ndege.

Tena, hata kijana akifanikiwa, fidia ya mafunzo iliyowekwa na FIFA hulipwa klabu zilizomfundisha kati ya miaka 12 na 21. Ni klabu, wala si mama aliyefua jezi. Mzazi anayeuza shamba akidhani anapanda mbegu hana fungu katika hesabu hiyo.

Nasi walimu tumo katika lawama. Ni sisi tuandikao zile barua, maana kikombe kikiwekwa ofisini, sifa ni yetu. Kwa hiyo hapa shuleni petu tumepatana hivi: gharama yote itasomwa mbele ya wazazi kabla ya kuchagua mchezaji hata mmoja, njumu zitakuwa mali ya shule, zikivaliwa kwa zamu, na zisipotosha, hatutakwenda. Mkuu wa kata amekwisha kutuita kutuuliza juu ya jambo hilo, nasi tutakwenda kumjibu Jumatatu.