Kazi za Bustani Kabla ya Mvua ya Vuli

Vitabu vingi vya bustani viliandikwa Ulaya, na humo Septemba ni mwezi wa kuanza kufunga kazi: majani yapukutika, baridi yakaribia, na mwenye bustani husafisha majembe yake na kuyaweka. Mkulima wa Machakos, Embu au Kiambu akiifuata kalenda hiyo atalala njaa. Kwake Septemba ni mwezi wa vumbi, lakini una kazi nyingi, kwa kuwa mvua ya vuli i karibu, nayo haikai sana. Kwa desturi huanza katikati ya Oktoba au mwanzo wa Novemba, na ifikapo Krismasi mara nyingi imekwisha.

Katika Ukambani jambo hili lina uzito zaidi. Watu wa Kitui, Makueni na Machakos huitegemea vuli kuliko mvua ndefu ya Machi, kwa sababu ndiyo iliyo ya kuaminika kwao. Mahindi yaliyopandwa wiki mbili baada ya mvua kuanza huweza kukutwa na ukame yakiwa yanatoa ndevu, na huo ndio wakati ambao mahindi hayawezi kabisa kuvumilia kiu.

Wafanyao kazi za ofisini wana tabia moja isiyofaa. Karani huwa mjini, na shamba limo mikononi mwa mkewe au mama yake. Hata hivyo mbegu hungoja mshahara wake wa mwisho wa Oktoba. Mvua haijui tarehe ya mshahara. Afadhali mbegu zinunuliwe kwa mshahara wa Agosti, zikae nyumbani mahali pakavu pasipo joto, na aliye shambani awe na idhini ya kupanda siku ile ile aonayo kuwa yafaa, bila kungoja barua wala simu.

Kazi ya kwanza ni kitalu. Sukuma wiki na kabichi hukaa kitaluni wiki 4 hadi 6 kabla ya kuhamishwa. Basi atakaye miche iliyo tayari mwishoni mwa Oktoba hana budi kusia mbegu katikati ya Septemba, wakati ardhi ni kavu na jirani zake wanamcheka. Kitalu kiwe na upana wa mita 1 tu, ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili bila mtu kukanyaga udongo. Mistari iachane sentimita 10 hadi 15, na mbegu zifunikwe kwa udongo usiozidi sentimita 1, maana mbegu ndogo iliyozikwa sana hufa kabla ya kuona jua. Juu yake hutandazwa nyasi kavu. Mara miche inapochomoza, nyasi hizo ziondolewe na kuwekwa juu ya kichanja kifupi ziwe kivuli. Wengi huisahau siku hiyo moja, wakaja kukuta miche mirefu, myeupe, myembamba kama nyuzi. Maji yaliyooshea mboga jikoni yatosha kwa kitalu kidogo. Katika wiki ya mwisho kivuli kiondolewe na maji yapunguzwe kidogo kidogo, ili miche ipate ugumu.

Mahali pa kitalu pasiwe palipooteshwa kabichi au sukuma wiki msimu uliopita, kwa kuwa magonjwa ya jamii hiyo hubaki udongoni. Hali kadhalika nyanya zisifuate viazi, wala viazi visifuate nyanya: mimea hiyo ni ya ukoo mmoja, na ugonjwa wa mnyauko huishambulia yote miwili.

Habari ya mboji yahitaji kusemwa waziwazi. Rundo huhitaji kama miezi 3 hata liive. Kwa hiyo lililoanzwa Septemba ni la mvua ya Machi, wala si la vuli. Aliyeanza Juni au Julai atalitumia sasa. Asiye nalo atumie samadi kuukuu, iliyokaa hata ikawa nyeusi isiyo na harufu kali. Samadi mbichi huunguza mizizi, tena huleta mbegu za magugu. Lakini rundo la Machi lisiahirishwe, maana sasa ndipo mabua ya mahindi yalipo tele, na wengi huyachoma moto. (Penye ng'ombe mabua yaende kwanza horini, yatarudi kwa njia nyingine.) Chini huwekwa mabua manene ili hewa ipite, kisha tabaka la majani makavu yaliyokatwakatwa, tabaka la majani mabichi, na tabaka la samadi lenye majivu au udongo kidogo, na kila tabaka linyunyiziwe maji, hata rundo lifike kimo cha futi 5. Fimbo ndefu ichomekwe kwa mshazari hadi katikati. Baada ya siku chache ikichomolewa yapasa kuwa na joto mkononi. Ikiwa baridi na kavu, rundo lina kiu. Ikiwa baridi, imelowa na kunuka, hewa haipiti, basi ligeuzwe.

Mbegu za maharagwe zilizowekwa nyumbani zijaribiwe kabla ya kuaminiwa. Zihesabiwe mbegu 100, zikunjwe katika kitambaa kilicholoweshwa, na kitambaa kisiachwe kikauke. Baada ya siku 7 zihesabiwe zilizochipua. Zikiwa 80 au zaidi, mbegu ni njema. Zikiwa 60, zipandwe kwa wingi kuliko kawaida. Zikiwa chini ya nusu, yaliyobaki ghalani yaende chunguni, ikiwa hayakutiwa dawa. Mahindi chotara hayafai kamwe kuwekwa mbegu, kwa kuwa kizazi chake cha pili hupoteza nguvu.

Matuta ya fanya juu yasafishwe mapema. Serikali ya kikoloni ilipowalazimisha watu kuchimba makinga-maji katika miaka ya 1940 na 1950, kazi hiyo ilichukiwa; baada ya uhuru wa 1963 watu wa Machakos waliendelea kuyachimba wenyewe kwa vikundi vya mwethya. Mtaro uliojaa mchanga hauna faida. Vuli za 1997, 2019 na 2023 zilileta mafuriko, na za 2020, 2021 na 2022 zilileta ukame. Mtaro uliozolewa vizuri hupunguza kasi ya maji katika mwaka wa kwanza, na huyahifadhi katika mwaka wa pili.

Mifereji ya paani nayo husahauliwa. Paa la mabati la mita 6 kwa mita 5 lina mita 30 za mraba, na mvua ya milimita 10 juu yake ni lita 300, pungufu kidogo kwa yanayomwagika. Hayo ni madebe 15 ya lita 20, yaani safari 15 za mtoni alizookolewa mama wa nyumba kwa mvua moja. Viota na majani yatolewe sasa, na maji ya mvua ya kwanza yaachwe yapite, kwa ajili ya vumbi na mavi ya ndege.

Manyunyu ya kwanza yasimdanganye mtu kuhamisha miche. Udongo ufukuliwe, ukiwa umelowa kwa kina cha kiganja kizima, kazi ianze, nayo ifanywe jioni au siku ya mawingu. Kitalu kitiliwe maji kwanza, ili mizizi itoke na udongo wake. Mashimo ya sukuma wiki yaachane sentimita 60 kati ya mistari na 45 kati ya miche, na kila shimo litiwe konzi mbili za samadi kuukuu iliyochanganywa na udongo. Asubuhi yake bustani ikaguliwe. Penye mche uliokatwa shina usiku, mdudu aliyeukata bado yu papo hapo, amejikunja chini ya udongo kando ya mche huo. Afukuliwe kwa kidole na kuuawa kabla hajauhamia wa pili.