Fundi Sharti Achague Mashine

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Kwa heshima zote, msemo huo hauwafai mafundi wetu wa magari wa Kitui na Makueni.

Hapo zamani, taimingi ya injini ilirekebishwa kwa kuzungusha distribyuta na kumulika alama za puli kwa taa maalumu. Katika magari ya siku hizi kama Toyota Probox, kompyuta ya gari ndiyo hupanga wakati wa cheche. Hakuna cha kuzungusha.

Gari langu lilipowasha taa ya injini, fundi mmoja mjini Kitui alichomeka mashine yake ya bei nafuu. Ikaonyesha P0011, yaani kamshafti imetangulia mno. Nikauziwa mnyororo mpya wa taimingi, na taa isizimike. Fundi wa Wote alikuwa na mashine inayosoma mwenendo wa injini inaponguruma, tena yenye uwezo wa kuiamuru vali ya oili ifunguke. Akagundua kuwa vali hiyo imeziba kwa oili chafu.

Basi, ndugu mafundi, kabla ya kununua mashine ulizeni: Je, husoma magari yaliyoundwa kwa soko la Japani? Huonyesha digrii za taimingi injini ikizunguka? Huweza kujaribu vali? Ile isomayo namba tu haitoshi. Namba hutaja dalili. Ugonjwa hutafutwa na fundi. Si haki mteja agharimie kubahatisha kwetu.