Tusiwacheke Walioogopa Gari la Mvuke

Imekuwa ada ya watu wa zama hizi, kila waonapo zile picha za kejeli zilizochorwa Uingereza katika karne ya 19 juu ya magari ya mvuke, kucheka kicheko cha mtu aliyekwisha kuvuka mto akawatazama walio ng'ambo. Huwacheka wazee wale kwa hofu zao, wakazihesabu picha zenyewe kuwa ushahidi wa ujinga uliopita. Kicheko hicho nakikataa, na namwomba msomaji anistahimilie nikibainisha sababu, kwa kuwa aichekaye picha bila ya kuisoma hufurahi kitambo tu, na ilimu iliyomo ndani yake humpita.

Itwae picha ya Henry Alken iliyotolewa mwaka 1828, ambayo mchoraji aliipa tarehe ya mbele, 1830, kana kwamba ametumwa kuchungulia mambo yajayo. Njia ni ile ya Whitechapel, mashariki ya London. Magari ya kila namna yanapita kwa nguvu ya mvuke, yamesheheni abiria, dohani zao zinatapika moshi hata anga imefifia, na ubavuni yameandikwa majina ya kuogofya ambayo yangalilingana zaidi na majini kuliko vyombo vya kubeba watu na mizigo yao. Mwaka uliofuata William Heath akachora picha aliyoiita Maandamano ya Akili, na humo akaweka bomba kubwa la kumfyonza msafiri kutoka Uingereza na kumtema Bengal. Sasa nauliza: Heath anamcheka nani? Hamcheki mwoga aliyejificha nyuma ya mlango. Anamcheka muuza ahadi, yule bwana wa kampuni asemaye kwamba dunia yote itakunjwa kama mkeka mradi watu watoe fedha zao leo. Aghalabu kejeli hizi zilielekezwa kwa wenye majivuno, na sisi, kwa haraka zetu, tumezigeuza zikawaelekea wanyonge.

Na hata pale hofu yenyewe ilipochorwa, haikuwa hofu ya bure. Hugh Hughes alitoa mwaka 1831 picha ya gari la reli lililopasuka, vichwa na viungo vya abiria vikiruka hewani, na juu yake akaweka maneno ya istihzai kuhusu raha za kusafiri kwa reli. Mtu atasema ametia chumvi. Naam, ametia; lakini mwaka mmoja tu kabla yake, tarehe 15 Septemba 1830, siku ya sherehe ya kufunguliwa reli ya Liverpool na Manchester, William Huskisson, mbunge wa Liverpool, aliyeshuka kutoka katika gari lake kwenda kumwamkia Duke wa Wellington, aligongwa na mtambo uitwao Rocket, akafa usiku ule ule. Ikiwa mheshimiwa wa namna ile, mbele ya wahandisi wote na siku ya ngoma yao wenyewe, hakusalimika, seuze mchuuzi wa kabichi?

Walakini hofu nayo ina wafanyabiashara wake, na hawa ndio wa kuchunguzwa. Njia kuu za Uingereza zilikuwa chini ya wadhamini waliotoza ushuru malangoni, na baina ya Liverpool na Prescot ushuru uliopangiwa gari la mvuke ulikuwa shilingi 48, ilhali gari la farasi lililojaa lilitozwa shilingi 4. Kamati ya Bunge iliyosikiliza mashahidi mwaka 1831 iliona kwamba magari hayo yaweza kuwa salama, na kwamba ushuru ule ni dhuluma. Huko Uskoti, John Scott Russell alianzisha mwaka 1834 magari ya mvuke baina ya Glasgow na Paisley. Wadhamini wakadai yanaiharibu njia, wakarundika mawe barabarani. Magari yakaendelea kupita juu ya mawe yale, siku baada ya siku, hata mwezi wa Julai gurudumu la gari moja likavunjika, uzito wote ukaiangukia boila, boila ikapasuka, na abiria kadhaa wakafa. Kisha mahakama ikayazuia magari. Ndugu msomaji, zingatia mpango huo: waliotandika mawe walipata kila walichokitaka, na lawama ikabebwa na mvuke. Sijui picha ya kejeli iliyo kali kuliko tukio hilo, nalo halikuhitaji mchoraji.

George Cruikshank yeye alichora farasi waliodhoofu wakilitazama gari lisilowahitaji tena, na mbwa wakingoja karibu. Kila aliyeishi kwa ngano ya farasi, kwa kiatu cha farasi au kwa hatamu yake alijua picha ile inamsema nani, na sioni haja ya kuifafanua.

Basi nasaha yangu ni hii: anapokuja mtu na chombo kipya, naye akakuta watu wanaotia shaka, tusimwachie awacheke kabla hajajibu. Tumwulize chombo kikipasuka nani atalipa, mlango ukikwama nani atafungua, na riziki iliyokatika itaungwa na nani. Vilevile tumwulize mwenye shaka: je, unaogopa kwa ajili ya roho yako, au kwa ajili ya lango lako la ushuru? Wa kwanza ana haki ya kujibiwa kwa adabu. Wa pili ana haki ya kufichuliwa.

Maswali hayo yasipoulizwa, jibu huja lenyewe, na huja ghali. Tarehe 8 Mei 1842, treni iliyokuwa ikirudi Paris kutoka Versailles iliacha reli ikashika moto, na abiria hawakuweza kutoka, kwa kuwa milango ilikuwa imefungwa kwa ufunguo kutoka nje, eti wasije wakajiangusha. Wakaungua makumi ya watu, na miongoni mwao Dumont d'Urville, nahodha aliyefika hata bahari za barafu za kusini akarudi mzima, pamoja na mkewe na mwanawe. Uingereza nako milango ilifungwa vivyo hivyo. Hapo Sydney Smith, kasisi wa kanisa kuu la St Paul's na bingwa wa mzaha, akashika kalamu akaandika magazetini kwamba mtu wa kwanza mwenye cheo atakayeuawa na reli ndiye atakayetengeneza kila kitu. Akaongeza kuwa anatumaini hatakuwa askofu, lakini ikiwa hiyo ndiyo kadari, basi askofu huyo anayeungua na ajiliwaze kwa manufaa makubwa atakayowaletea abiria.