Windows 10: masini bado inawaka, lakini siku zake zimehesabiwa

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft imeacha kutunza Windows 10 kwa kawaida. Hapa Bunia, kompyuta nyingi za sekretariati, za shule na za biro za sendika zingali zinatumia hiyo. Zinawaka vizuri, ndiyo maana watu wanasema hakuna neno. Neno liko, ila linakuja polepole, na linafuata kalenda.

Tuone kwanza namna kazi inavyogawanyika. Chini kuna mfumo unaoendesha masini: Windows ao Linux. Juu yake kuna lugha ambazo watengenezaji wanatumia kuandika programu, kama Python, Go na Rust, pamoja na vyombo vyake. Juu kabisa kuna programu yenyewe, sawa ile ya kuhesabu mishahara. Wa katikati hawezi kwenda peke yake: anaangalia wa chini anafanya nini.

Python ina kanuni iliyoandikwa: toleo jipya linakubali tu Windows ambayo Microsoft ingali inatunza siku toleo hilo linatoka. Windows 7 ilipita njia hiyo. Microsoft iliiacha Januari 2020. Oktoba ya mwaka ule ule Python 3.9 ikatoka na ikaikataa. Mwanzo wa 2023 Chrome ikaishia namba 109. Go ikafuata mwaka ule, Rust ikafuata 2024. Mwishoni mwenye biro anaona programu mpya haiingii na ukurasa wa benki haufunguki, anasema masini imezeeka. Chuma hakijazeeka. Walio juu wamehama.

Sasa Windows 10 imeingia katika njia ile ile. Kampuni inayotaka kuongeza muda inalipa dolari 61 kwa kila masini mwaka wa kwanza, na bei inarudiwa mara mbili kila mwaka, mwisho miaka tatu. Watu binafsi wa Ulaya wamepewa mwaka mmoja bila malipo, juu mashirika ya watetezi wa wateja kule yalipiga kelele. Sisi hatukupiga.

Upande wa Linux kuna mapatano yanayofanana na yale sisi wa sendika tunajua. Ubuntu inatoka kila Aprili na kila Oktoba, na kila miaka mbili, Aprili, linatoka toleo la kutunzwa miaka tano bure. Python inatoka mara moja kwa mwaka, Oktoba. Kwa hiyo kunabaki miezi sita ya kujaribu. Ubuntu 24.04 ilichukua Python 3.12 ya Oktoba 2023, na itaishika mpaka 2029, hata kama wenye Python wenyewe wataiacha Oktoba 2028. Tarehe zinajulikana mbele, hakuna anayeshtukizwa.

Shida yetu ni kwamba hatusomi tarehe hizo. Windows 11 inakataa kompyuta nyingi zilizotengenezwa mbele ya 2018. Biro za Ulaya zinazitoa, na sehemu yake itafika kwetu kwa bei ya okazioni. Mnunuzi ataangalia kioo na betri, tarehe hataiuliza. Na ndani ya masini hizo ndimo tutaweka liste za michango na dosie za wafanyakazi walioumia ama kufa kazini. Masini isiyotunzwa ni mlango usio na kufuli.

Tena kuna mshahara. Patroni akibadilisha programu katikati ya mwezi, malipo yakichelewa, jibu ni moja: "Informatiki imekwama." Tunakubali juu hatuna la kujibu. Kumbe mabadiliko hayo yanajulikana miaka mbele.

Kwa hiyo, delege wa wafanyakazi waombe katika mkutano na patroni tarehe ya mwisho ya mfumo wa mishahara, na waandike katika mapatano kwamba hautabadilishwa karibu na siku ya malipo. Huduma za mkoa nazo ziandike tarehe hiyo kwenye bon ya kununua kila kompyuta: masini itatunzwa mpaka mwaka gani?

Na biro ndogo? Kwanza wapige kopi ya dosie zote, waziweke nje ya masini. Kisha, kompyuta ambayo Windows 11 imeikataa, waijaribu kwa Ubuntu kutoka kwenye kile ya USB bila kufuta kitu, waone kama kazi yao inaenda. Kuna programu ambazo hazikubali. Mega ni ghali, lakini kile moja inaweza kuzunguka biro kumi. Hilo halingoji mtu wa Kinshasa.