Vidonge vya Kijana Si vya Mdogo Wake

Wasomaji wangu, juma hili nataka kusema juu ya jambo lililotokea nyumbani kwa ndugu yangu, maana laweza kutokea katika nyumba ya mtu ye yote. Mimi ni karani, si daktari. Nawapa yale tuliyoelezwa hospitalini.

Mtoto wa ndugu yangu ana miaka 15, naye yuko shule ya sekondari. Uso wake ulijaa chunusi kubwa, hata akaona haya mbele ya wenziwe. Daktari akampa vidonge vya doksisaiklini, dawa ya jamii ya tetrasaiklini. Hapo hapakuwa na kosa. Lakini usiku mmoja kijana alimeza kidonge pasipo maji, akalala papo hapo. Asubuhi alinijia ameshika kifua, akasema, "Baba mdogo, hata mate siwezi kuyameza." Tukaambiwa ya kuwa kidonge kilikwama kooni, katika njia ya chakula, kikafanya kidonda. Kwa siku kadha hakuweza kula ila uji.

Dawa ikasimamishwa. Nilipouliza habari za vidonge vilivyobaki, mama yake akanijibu, "Shemeji, nataka kumpa huyu mdogo, anakohoa." Huyo mdogo ana miaka 5.

Sasa sikilizeni sababu ya mimi kushtuka. Dawa hizi hushikana na kalsiamu, yaani chokaa ile inayojenga meno na mifupa. Meno ya mtoto yakiwa bado yajengwa ndani ya ufizi, dawa yaweza kuingia humo, nayo yakaota yana rangi ya manjano au ya kahawia isiyotoka kwa mswaki. Kwa hiyo mtoto aliye chini ya miaka 8 hapewi ila daktari mwenyewe akiona haja. Uingereza hungoja hata miaka 12. Mama mwenye mimba naye asizitumie pasipo shauri la daktari. Lakini kijana wa miaka 15 meno yake yanayoonekana yamekwisha kujengwa. Basi dawa iliyomfaa kaka ingaliweza kumharibia dada meno yake ya maisha.

Kijana aliyepewa dawa hizi na ashike mambo haya. Ameze kidonge kwa bilauri nzima ya maji, ameketi au amesimama, wala asilale mpaka nusu saa ipite. Asikimeze pamoja na maziwa, vidonge vya kuongeza damu vyenye chuma, wala dawa ya kiungulia, kwa kuwa hivyo hupunguza nguvu ya dawa. Aache saa mbili au tatu katikati. Akienda shambani avae kofia na shati la mikono mirefu, maana ngozi yake itaungua na jua upesi. Akiumwa sana na kichwa, na macho yakaona ukungu, aache dawa na kumwona daktari siku ile ile.

Tena dawa hizi haziponyi mafua, na kuzimeza ovyo huwazoeza vijidudu hata zisiwadhuru tena. Wala msiweke mabaki kabatini. Mwaka wa 1963 madaktari waliandika habari za wagonjwa walioharibika mafigo kwa kumeza tetrasaiklini iliyoharibika kwa kukaa mno. Na wewe mfugaji, ile oksitetrasaiklini ya ng'ombe ni ya jamii hiyo hiyo. Mtu asipewe kamwe.

Shemeji yangu hakuona haya kuuliza zaidi. Alivichukua vidonge vyote akavirudisha hospitalini, na yule mdogo akapimwa kikohozi chake. Ilikuwa mafua tu, akapona bila dawa hiyo. Kuuliza si ujinga, wasomaji wangu. Ulizeni kabla ya kumeza.