Riwaya ya Upelelezi ya Kiswahili na Mwalo wa Kagunga

Riwaya ya upelelezi ni utanzu ambao wahakiki wengi wa Kiswahili wameusoma kwa hamu faraghani na kuudharau hadharani. Kwa miaka mingi umewekwa katika fungu la fasihi pendwa, na jina hilo, ambalo lingepaswa kuwa ainisho tu, likageuzwa kuwa hukumu. Shutuma zinazorudiwa ni tatu: kwamba wahusika wake ni bapa, kwamba msuko wake umeazimwa kutoka Ulaya na Marekani, na kwamba hauna dhamira zaidi ya kumpitishia msomaji muda. Shutuma hizo zina chembe ya ukweli, lakini haziugusi upungufu ulio mkubwa zaidi, ambao ni upungufu wa mahali. Ukiacha kazi chache, riwaya hii imejifungia mjini. Swali lake kuu, yaani nani kaua na kwa sababu gani, haijalipeleka kule ambako kwa kawaida halina wa kuliuliza. Kijiji cha Kagunga, kilichoko kaskazini mwa Mkoa wa Kigoma karibu na mpaka wa Burundi, chaweza kutumika kama kipimo cha hoja hii.

Kabla ya kupima, ni haki kutaja mafanikio. Muhammed Said Abdulla alishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Ni kweli kwamba Bwana Msa, pamoja na kiko chake na mwenzake Najum, anamkumbusha msomaji Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle. Hata hivyo, kilichoazimwa ni joho tu. Mauaji yanatokea penye mzimu, watu wanaogopa kusema, na mpelelezi hana budi kuzijua imani, nasaba na adabu za Kiunguja ndipo aitenganishe hofu na ushahidi. Katika Kisima cha Giningi (1968) na Siri ya Sifuri (1974) uchunguzi unaendelea kuegemea siri za jamaa na mali. Mahali, kwa Abdulla, ni sehemu ya hoja ya upelelezi yenyewe. Ukiiondoa Unguja, kitendawili hakifumbiki wala hakifumbuliwi.

Waliofuata Bara walichukua njia nyingine. Faraji Katalambulla, kwa Simu ya Kifo (1965), aliufanya mji na vyombo vyake kuwa mtambo wa hadithi. Jina la riwaya lenyewe ladokeza hivyo. Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona (1974), alimtuma Willy Gamba katika mapambano ya ukombozi wa Afrika, na kwa njia hiyo akauonyesha utanzu huu kuwa waweza kubeba siasa nzito. Ben Mtobwa alimuumba Joram Kiango, mpelelezi asiye mtumishi wa polisi, na katika Tutarudi na Roho Zetu? akamkabilisha na njama za utawala wa makaburu. Baadaye Hussein Tuwa, mwandishi wa Mkimbizi na Mdunguaji, ameiendeleza taharuki hiyo kwa kizazi kipya cha wasomaji. Kazi hizi zote zastahili kusomwa, na mwanafunzi asiyezijua hajaijua historia ya nathari ya Kiswahili. Hata hivyo, nyingi kati yake zinategemea simu, gari, hoteli, uwanja wa ndege na ofisi ya mkuu wa polisi.

Mfano wa Mtobwa ndio unaofundisha zaidi. Mwandishi huyu, aliyezaliwa mwaka 1958 na kufariki mwaka 2008, alikuwa mzaliwa wa Mkoa wa Kigoma. Hata hivyo, jiji aliloliandika kwa ustadi usiopitwa ni Dar es Salaam, na Dar es Salaam Usiku (1990) ni ushahidi tosha. Si haki kumlaumu. Wachapishaji, magazeti na wanunuzi walikuwa mjini, naye aliishi kwa kalamu yake. Lakini ukweli unabaki kwamba mkoa uliomtoa bingwa wa riwaya ya uhalifu umebaki karibu mtupu katika riwaya ya uhalifu.

Upungufu huo una uzito kwa sababu ufuko wa Ziwa Tanganyika una mantiki yake ya ushahidi. Kagunga imebanwa kati ya maji na milima mikali, na kwa muda mrefu njia yake kuu imekuwa ziwa. Agatha Christie ilimbidi kuizuia garimoshi kwa theluji ili washukiwa wake wasitoroke. Kijiji cha namna hii hakihitaji theluji, kwa kuwa anayeondoka huonekana mwaloni, na asiyeonekana mwaloni ana la kueleza. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, ambazo zamani zilikuwa karabai, na mbalamwezi inapokuwa kali wavuvi hupumzika. Kwa hiyo mtu akidai kwamba usiku wa tukio alikuwa ziwani akivua, swali la kwanza la mpelelezi halihusu saa ya mkononi, linahusu mwezi. Mwandishi asiyejua hili atakosea ushahidi wake katika ukurasa wa kwanza, na anayelijua amepewa na mazingira yenyewe kitendawili ambacho jiji haliwezi kumpa.

Lugha nayo ni ushahidi. Kiha na Kirundi zinakaribiana kiasi cha wasemaji wake kuelewana, na ndoa, biashara na uvuvi vimevuka mpaka tangu kabla mpaka haujachorwa. Katika riwaya ya mjini mgeni hutambulika kwa lafudhi yake. Kagunga lafudhi huweza kumdanganya hata afisa mwenye uzoefu. Fumbo la mahali hapa basi huanza mapema kuliko fumbo la muuaji: maiti iliyoletwa na mawimbi ni ya nani, ya nchi gani, na nani mwenye wajibu wa kuiulizia?

Historia ya karibu inathibitisha kwamba hayo si mambo ya kubuni. Mwezi Mei 1975 watu wenye silaha wa chama cha Laurent Kabila walivuka ziwa usiku kutoka Zaire, wakateka wanafunzi 4 wa kigeni katika Hifadhi ya Gombe, iliyoko kati ya mji wa Kigoma na Kagunga, na kuwavusha hadi ng'ambo. Wote waliachiliwa baada ya majadiliano ya wiki kadhaa. Tukio hilo limeandikwa sana kwa Kiingereza, kwa kuwa waliotekwa walikuwa na nchi zenye sauti. Mwezi Mei 2015, baada ya machafuko yaliyoanza Burundi kuhusu muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza, makumi ya maelfu ya wakimbizi yalijazana Kagunga. Kipindupindu kikazuka. Meli ya Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 na kuzamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 kabla ya kuopolewa na Waingereza, ilitumwa kuwachukua watu hao kwa mafungu hadi Kigoma, na wengi wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Wakimbizi hao walikuja na habari za vitisho na mauaji waliyoyakimbia. Mashirika yalihesabu wagonjwa na marehemu, kama ilivyokuwa wajibu wao. Hesabu, hata hivyo, haiulizi nani alimtisha nani, wala nani alibaki nyuma na kwa nini. Kuuliza hivyo ndiyo kazi ya riwaya ya upelelezi.

Yaweza kupingwa kwamba mahali penye askari wachache mpelelezi hatakuwa na uhalisi. Pingamizi hili linasahau kwamba Bwana Msa hakuwa askari, wala Joram Kiango. Mwalimu wa shule, mganga wa zahanati, mwenyekiti wa kijiji au mama anayenunua dagaa na kumjua kila mwenye mtumbwi aweza kuuliza maswali kwa uhalali zaidi. Yaweza kupingwa pia kwamba kuyafanya mateso ya wakimbizi kuwa burudani ni kukosa staha. Hatari hiyo ipo, na njia ya kuiepuka imekwisha kuonyeshwa. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Petals of Blood (1977), alianza na upelelezi wa mauaji katika Ilmorog, mahali palipokuwa kijiji kilichosahauliwa. Kufikia mwisho, msomaji anajua mengi kuhusu mfumo ulioyazaa mauaji hayo kuliko inspekta anayeyachunguza. Taharuki haikuushusha uchungu wa watu wale. Ilimlazimisha msomaji kuufuata hadi asili yake.

Idara za Kiswahili zina sehemu yao katika jambo hili. Kwanza, riwaya za Katalambulla, Musiba na Mtobwa, ambazo nyingine hupatikana kwa shida, zihifadhiwe na zifundishwe kwa vigezo vyake zenyewe: namna ushahidi unavyopangwa, namna msomaji anavyopotoshwa kwa haki, na namna mahali panavyoshiriki katika fumbo. Pili, wanafunzi wa uzamili wanaotoka kandokando ya maziwa wahimizwe kukusanya masimulizi ya mwaloni kuhusu watu waliopotea, nyavu zilizoibwa na mitumbwi iliyorudi bila wenyewe, kwa maana humo imo malighafi ambayo mwandishi wa mjini hana.

Riwaya ya upelelezi husimama juu ya imani moja, kwamba hakuna kifo kisichostahili kuulizwa. Kwa kukaa mjini, riwaya ya Kiswahili imeitetea imani hiyo kwa ajili ya marehemu wenye simu na anwani. Bado haijaitetea vya kutosha kwa ajili ya yule anayeokotwa ufukoni Kagunga alfajiri, ambaye hakuna aliyefika kumtambua.